Je, Mchagua Jembe si Mkulima?

Wazee wetu walituachia methali isemayo, Mchagua jembe si mkulima. Maana yake yajulikana kwa kila mtu alimaye. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, majirani wako shambani tangu alfajiri, na yeye bado yuko dukani: jembe hili aona ni zito, lile aona ni jepesi, la tatu aona mpini wake umepinda. Jua lachwa naye hajalima hata tuta moja. Mtu wa namna hiyo, wasema wazee, hatafuti jembe; atafuta udhuru.

Hata hivyo tumewaona wakulima hodari, watu wasio na uvivu hata kidogo, wakinunua jembe kwa uangalifu mwingi. Huligonga wapate kusikia mlio wake, hutazama tundu la mpini, na bei huiuliza mara mbili. Mwanamke naye anunuaye chungu hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa fedha yake, kwani chungu chenye ufa hakilii kama chungu kizima. Je, huyo si mpishi? Na wale si wakulima? Basi yatupasa kuuliza: kuchagua chombo ni wema au ni upungufu wa mtu? Na kama ni wema, mpaka wake uko wapi?

Leo twataka kulitazama swali hili kwa mfano wa chombo ambacho wengi wa wasomaji wetu hawatakinunua kamwe, yaani bunduki ya kuwindia itengenezwayo kiwandani. Katika Kenya uwindaji wa namna ile ulikatazwa tangu mwaka 1977, na katika nchi nyingine hauruhusiwi bila vibali vya Serikali. Lakini huko Marekani watu wengi sana huingia msituni kila mwaka kwa ruhusa ya sheria, kuwinda mnyama mwenye mkia mweupe afananaye na kulungu wetu. Hao wamebishana zaidi ya miaka mia juu ya neno moja: bunduki ipi ina shabaha nzuri, na ipi yastahili bei yake? Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe limepimwa kwa hesabu, wala si maneno matupu. Pili, jembe baya humchosha mwenye jembe tu, bali bunduki iliyochaguliwa vibaya humwumiza mwingine, naye ni mnyama asiyeweza kushtaki po pote. Risasi ikipita mahali pa moyo na mapafu, mnyama huanguka baada ya muda mfupi. Ikipita tumboni, au ikivunja mguu, hukimbia na jeraha lake, akafa baada ya saa nyingi au siku kadhaa, ndani ya kichaka ambako hapana mtu atakayeila nyama yake. Kwa hiyo mtu anunuapo bunduki hachagui kwa ajili ya nafsi yake peke yake.

Kwanza na tufahamu shabaha ya bunduki hupimwaje. Mafundi huigawa digrii moja ya duara katika sehemu 60, na kila sehemu huitwa dakika. Kwa umbali wa yadi 100 dakika moja ni upana wa inchi moja na kidogo. Kwa yadi 200 ni kama inchi mbili. Kwa yadi 300 ni kama inchi tatu. Mpimaji huilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mkono usitetemeke, hupiga risasi kadhaa katika karatasi bila kubadili mahali alengapo, kisha hupima nafasi iliyopo kati ya yale matundu mawili yaliyoachana kuliko yote. Matundu hayo kwa pamoja huyaita kundi. Kundi likienea inchi moja kwa yadi 100, husema bunduki hii ni ya dakika moja.

Zamani shabaha ya dakika moja ilikuwa sifa ya bunduki zilizotengenezwa na mafundi wa mkono kwa fedha nyingi. Bunduki ya kiwandani ikipiga dakika mbili au tatu, mwenyewe alishukuru. Siku hizi bunduki nyingi za bei ya chini huikaribia dakika moja zikipewa risasi nzuri. Mabadiliko hayo yalitoka wapi? Jibu lake ni la ajabu kidogo, kwani mengi yaliyofanywa ili kupunguza gharama ndiyo yaliyosaidia shabaha.

Bunduki za kuwindia zenye komeo la kusukumwa kwa mkono, karibu zote zina asili yao katika bunduki ya Mauser ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1898. Mwili wa bunduki ile ulichongwa kwa kazi nyingi kutoka katika kipande kizito cha chuma. Mwaka 1958 kiwanda cha Savage cha Marekani kilitoa bunduki yake iitwayo 110, ambayo mtutu wake hukazwa kwa nati, hata fundi aweza kuusogeza mpaka mahali pake hasa bila kuchonga na kuchonga tena. Mwaka 1962 Remington walitoa Model 700, ambayo mwili wake ni mviringo kama bomba, maana chuma cha mviringo ni chepesi kuchongwa na mashine. Na chepesi kuchongwa ni chepesi kunyooshwa pia. Miaka minne baadaye, mwaka 1966, askari wa majini wa Marekani waliichagua bunduki iyo hiyo kwa walenga shabaha wao. Tena iko njia iliyoanza Ujerumani karibu na mwaka 1939, ya kuufua mtutu kwa nyundo za mashine juu ya chuma chenye mifuo, hata mifuo ile ikajichapa ndani ya mtutu kwa mara moja. Njia hiyo hutumiwa leo na viwanda vikubwa, kama kile cha Riihimäki katika nchi ya Finland, kitengenezacho bunduki za Tikka.

Hali kadhalika kitako. Mti mzuri wa mjozi, uliong'arishwa kwa mafuta, hupendeza macho. Lakini mti hunywa unyevu ukavimba, hukauka ukanywea, na ukiugusa mtutu huusukuma huku au huku, hata bunduki iliyopiga sawasawa wakati wa jua hupiga kando wakati wa mvua. Kitako cha plastiki hakina uzuri wo wote, nacho hugharimu kidogo. Ila hakivimbi kama mti. Hapa twapata fundisho letu la kwanza: gharama ya kutengeneza kitu ni jambo moja, uzuri wake ni jambo la pili, na kufaa kwake ni jambo la tatu. Mara nyingi mambo haya matatu hufuatana njia moja, na kwa sababu hiyo twadhani ni kitu kimoja. Lakini hufika njia panda yakaachana, na hapo ndipo mnunuzi hupotea.

Sasa twaja katika jambo zito zaidi, nalo ni uaminifu wa kipimo. Desturi ya wengi ni kupiga risasi 3 na kulipima kundi. Risasi 3 ni chache mno. Wajuao hesabu za bahati wameonyesha ya kuwa bunduki ambayo kwa risasi 3 huenea inchi 1 kwa wastani, bunduki hiyo hiyo, bila kosa lo lote la mpigaji, kwa risasi 5 huenea kama inchi 1 na robo, na kwa risasi 10 huenea zaidi ya inchi 1 na nusu. Tena, mtu akipiga makundi kumi ya risasi 3 kwa bunduki hiyo, huenda moja likawa la nusu inchi, na jingine likapita inchi 1 na nusu, kwa bahati tu.

Basi mwenye bunduki afanyaje? Yale makundi tisa huyatupa. Lile la nusu inchi hulikata kwa mkasi, akaliweka mfukoni, akawaonyesha rafiki zake miaka mingi akisema, Tazameni bunduki yangu. Hasemi neno la uongo hata moja, kwani karatasi ni yake na matundu ni yake. Wala hasemi kweli. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu amevutia kwake kwa kipande cha karatasi. Msikiaji akiamini, atakwenda kununua bunduki ile kwa fedha aliyoiweka akiba, na isipopiga nusu inchi atadhani ameuziwa mbovu. Kubaya zaidi, mwenye karatasi mwenyewe atajiamini kuliko apaswavyo, na siku moja atampiga mnyama aliye mbali kupita uwezo wake.

Sisi walimu tusimcheke upesi. Tukitembelewa na mkaguzi, je, hatumpi kwanza daftari la mtoto mwenye hati nzuri kuliko wote? Mkulima naye akimwonyesha mgeni mahindi yake, huchukua gunzi lipi? Kila mtu anayo karatasi yake mfukoni. Kipimo cha kweli ni kile kinachohesabu magunzi yote, pamoja na yale yaliyoliwa na wadudu. Kwa hiyo atakaye kuijua bunduki, na apige makundi mengi, kwa siku mbalimbali, asitupe hata moja, kisha atafute wastani. Hesabu atakayoipata haitampendeza sana, lakini ataweza kuitegemea.

Na bei je? Hapa iko habari ijulikanayo sana kwa wawindaji wa Marekani. Mwaka 1936 kiwanda cha Winchester, mjini New Haven, kilianza kuuza bunduki iitwayo Model 70. Ilikuwa na ukucha mrefu wa chuma, wa namna ya Mauser, uliolishika ganda la risasi tangu lilipotoka ghalani mpaka lilipotupwa nje, na mistari ya kitako chake ilichongwa kwa mkono. Watu waliipenda mno. Lakini kazi ya mikono ilizidi kuwa ghali, na mwaka 1964 kiwanda kiliibadili bunduki: ukucha mrefu uliondolewa, na mistari ya kitako ikagandamizwa kwa mashine badala ya kuchongwa. Jina likabaki lile lile, Model 70. Wanunuzi walikasirika, na bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka ule zikaanza kutafutwa kwa bei kubwa kuliko mpya. Baadaye, katika miaka ya 1990, ukucha ule ulirudishwa, na mwaka 2006 kiwanda cha New Haven kilifungwa.

Je, wanunuzi walikuwa na haki ya kukasirika? Tukilipima neno hili kwa haki, tutaona pande mbili. Ukucha hauielekezi risasi. Kazi yake ni kulishika ganda ili lisikwame mtu anapofanya haraka. Kwa awindaye nyati au simba jambo hilo ni uhai wake. Kwa awindaye mnyama mpole aliye mbali yadi 150, si jambo kubwa. Basi wengi walioomboleza waliomboleza kitu wasichokihitaji. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba jina la kitu ni ahadi. Aliyekwenda dukani akitaja jina lile alikuwa akitaja sifa iliyojengwa kwa miaka 28, naye alipewa kitu kilichopunguzwa kazi. Kupunguza gharama si kosa. Tumekwisha kuona ya kuwa kwaweza kuleta heri. Lakini apunguzaye kazi akaliacha jina la zamani mlangoni, huuza sifa ya jana kwa fedha ya leo. Twaona ya kuwa wanunuzi walikosea katika hesabu ya shabaha, lakini hawakukosea katika kuhisi ya kuwa ahadi imeguswa.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Shabaha ya kumtosha ni kiasi gani? Mahali pa moyo na mapafu pa mnyama yule tuliyemtaja ni kama duara lenye upana wa inchi 8. Bunduki ya dakika mbili, kwa yadi 200, hueneza risasi zake inchi 4, yaani kama inchi 2 kila upande wa mahali palipolengwa. Bunduki ya dakika moja hueneza inchi 2, yaani inchi 1 kila upande. Zote mbili zaingia katika duara lile, na nafasi yabaki. Lakini mtu asimamaye wima bila egemeo, akihema kwa kupanda kilima, na moyo wake ukimdunda kwa kumwona mnyama, aweza kukosa kwa inchi 6 na zaidi kwa yadi 100 tu. Upepo nao waweza kuisogeza risasi inchi kadhaa kwa yadi 300. Basi yule atoaye maelfu ya dola ili aipunguze inchi moja ya bunduki, na inchi sita zilizomo mikononi mwake aziacha, afanana na mtu azibaye tundu la panya na mlango wa ghala u wazi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki alikuwako mtu mmoja aliyelijua neno hili. Mwindaji wa Kiskoti aliyeitwa Walter Bell alizunguka Karamoja, katika Uganda ya leo, miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wenzake walichukua bunduki nzito za kishindo kikubwa. Yeye mara nyingi alitumia bunduki ndogo ya namna ya Mauser, ya milimita 7. Alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo ulipo, akajizoeza kulenga kila siku hata mkono ukatii. Kwa njia hiyo aliwaua tembo zaidi ya 1,000. Hatuitaji hesabu hiyo ili tuisifu. Aliwaua kwa ajili ya pembe, na leo nchi zetu zahesabu tembo zilizobakiwa nao kwa huzuni. Twaitaja kwa mambo mawili. Kwanza, maarifa na mazoezi ya mtu hushinda ukubwa na bei ya chombo. Pili, ustadi haukifanyi kitendo kuwa chema. Mkono usiokosa waweza kufanya makosa makubwa kuliko mkono utetemekao.

Mtu aweza kutuuliza, Basi mwasema tununue kitu cha bei ya chini kuliko vyote? Sivyo. Yako mambo yasiyofaa kupunguzwa. Anunuaye bunduki kwa busara hujiuliza kwanza, Kazi yangu ni ipi? Kisha hutazama kama kifyatulio na kizuizi chake ni salama, kwani chombo kiwezacho kumwua jirani hakina bei nafuu. Kisha huuliza kama risasi zake zapatikana katika duka lililo karibu, na kama yuko fundi awezaye kuitengeneza. Kisha huitia begani, aone kama kitako chalingana na urefu wa mkono wake. Wala huikimbilii iliyo nyepesi kwa sababu ni nyepesi, maana bunduki nyepesi hupiga teke kubwa na huyumba upesi. Baada ya hayo huipima kwa aina mbalimbali za risasi, kwa makundi mengi, kama tulivyosema. Ikimtosha, hatafuti tena. Fedha iliyobaki huinunulia risasi za mazoezi.

Wala hatumlaumu apendaye kazi nzuri ya mikono. Mti uliochongwa vizuri, chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa kama maji, hivyo ni heshima kwa fundi, na mwenye uwezo akivinunua kwa furaha hajakosa neno. Kosa ni kuuita uzuri ule shabaha, na kumdharau maskini mwenye kitako cha plastiki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kiko kizuri kisichojiuza kwa sababu sura yake haivutii, nacho chamngoja mnunuzi ajuaye kupima.

Sasa tuijibu methali tuliyoanza nayo. Twaona ya kuwa wazee hawakukataza kuchagua. Walikataza kuchagua kusikokuwa na mwisho, kule kunakokaa mahali pa kazi. Mkulima wa kweli huchagua jembe lake mara moja, kwa kipimo cha haki, kisha hulisahau, akaanza kuuangalia mkono wake na udongo wake. Asiyechagua kabisa ni mzembe, na asiyemaliza kuchagua ni mvivu.

Tena kwa mwindaji uko uchaguzi mwingine usiofanywa dukani. Amekwisha kuinunua bunduki, ameipima, amejizoeza. Jioni imefika, mnyama amesimama mbali kidogo kuliko alivyozoea, upepo wavuma, na nyumbani wamngojea na nyama. Saa ile bei ya bunduki haina neno la kumwambia. Neno linalo karatasi zake zote, zile nzuri na zile mbaya, kama hakuzitupa: zamwambia mkono wake wafika wapi na hapo unapokoma. Mtu aliyejipima kwa kweli aweza kuishusha bunduki yake, akarudi nyumbani mikono mitupu, wala asione haya.